Majeneza ya Barabara Kuu

Mpendwa Akinyi,

Huku Homa Bay tu wazima. Nyanya yako anakusalimu na anasema nimenenepa, usimwamini.

Umeniuliza mji ambao kiwanda chake kimefungwa utafufuliwaje. Hata sisi tulijaribu miaka ya tisini, pamba ilipokufa na duka langu la ushonaji likaanza kuifuata. Wenye maduka tulipaka kuta rangi, kisha tukamhamishia Ouma, fundi wa majeneza, kule ziwani. Nani atashona suti huku anatazama jeneza?

Barabara ikapendeza, na wateja wakaisha kabisa. Kumbe waliokuja kwa Ouma ndio waliopitia kwangu kushona nguo za matanga, kisha wakanunua sukari ya wageni duka la pili.

Tukaenda kumbembeleza arudi.

"Omera, ndugu yangu, sasa mnataka watu wafe?" akaniuliza.

"Hapana, ndugu yangu. Tunataka tu wapitie mjini."

Akarudi, na cherehani yangu ikaanza kulia tena. Kila jeneza lilipotoka nilitoa pole, halafu nikachukua futi nipime mabega ya wafiwa. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nikiomboleza au nikishukuru. Wewe unayesomea mambo ya miji, hebu nieleze.

Babu yako,
Odhiambo