Mume Hajulikani Alipo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miguu imepungua kuvimba, na macho bado yanakubali kuusoma mwandiko wangu huu ambao wewe mwenyewe ulisema ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kama macho yamegoma, nakuomba usimpe shangazi akusomee. Mpe mdogo wangu, asome mlango ukiwa umefungwa. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Mimi mwili ni mzima. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani.

Umeniambia kwamba huwa unawaeleza majirani kuwa binti yako anagawa pesa kwa maskini. Mama, wanaogawa wako kwenye dirisha la ofisi yetu ya msaada, wala hawatoki nje. Mimi ni mkaguzi. Natumwa majumbani kuhakikisha kwamba umaskini wa watu ni wa kweli. Naingia, nauliza nani analala hapa na nani anakula hapa, nainama kutazama uvunguni, nafunua sufuria jikoni. Nikikuta kipande cha nyama, nacho nakiandika. Watu wananikaribisha kwa tabasamu la mgonjwa anayemwona daktari na sindano. Watoto wengine wamefundishwa kukohoa wakiniona.

Katika sheria zetu ipo moja inayosema kwamba nyumba yenye mwanaume mwenye nguvu za kufanya kazi haipewi msaada. Kwa wakubwa wetu, mikono miwili ya mwanaume ni mshahara tosha. Kama hakuna anayeiajiri hiyo mikono, hilo halimo katika maswali yetu.

Sasa nikueleze habari za Mama Pacha. Anakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ukuta mzima umekuwa mweupe kwa unga. Ana mabinti pacha wanaosoma, na kitinda mimba wa kiume ambaye miguu yake haikupata nguvu; anambeba mgongoni mpaka leo ingawa mtoto amekuwa mzito. Mumewe alikuwa fundi wa kushona magodoro ya pamba, watu wakimwita Fundi Pamba. Magodoro ya kiwandani yalipoingia mjini, kazi yake ikafa taratibu kama taa iliyoishiwa mafuta. Mama Pacha alipokuja ofisini kuomba, alirudishwa kwa sababu ana mume. Miezi ikapita, akaja tena akasema mume amemkimbia. Karani akaandika kwenye jalada lake: mume hajulikani alipo.

Alikuwa anajulikana, mama. Alikuwa amehamia kwenye kibanda chake cha kazi, mitaa miwili tu kutoka hapo, analala juu ya magunia ya pamba. Walikubaliana wenyewe, mke na mume, kwamba yeye apotee ili watoto wale. Niliyajua hayo mara ya kwanza nilipokwenda kukagua. Mlango wa nyuma ulikuwa umetoka kufungwa, na kwenye bakuli kulikuwa na povu la sabuni ya kunyolea ndevu, bado la moto. Mama Pacha aliniona nikilitazama. Sikuandika neno. Nikamuuliza habari za shule za mabinti, tukaendelea.

Watoto walifundishwa kumwita mjomba wakikutana naye njiani. Halafu akazaliwa huyu kitinda mimba, na majirani wakapata la kuchekea. Wakasema mume kapotea lakini mimba inaijua njia. Maneno yalifika ofisini, ikabidi niende na mwenzangu kumhoji. Mwenzangu alimuuliza waziwazi mtoto ni wa nani. Mama Pacha alikuwa anakamua nguo. Akazikamua mpaka tone la mwisho, kisha akasema ni wa mpita njia, hata jina hakumuuliza. Mwenzangu akaandika huku akitabasamu. Yule ni mwanamke ambaye hakuwahi kujua mwanaume mwingine, mama, na alisema hivyo mbele ya mabinti zake.

Fundi Pamba nilikuja kuzoeana naye. Nilimpelekea mto wangu aushone, na baadaye nikawa napita tu kumsalimia. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliniambia kwamba yeye ndiye mchumba mzee kuliko wote mjini, anamchumbia mke wake mwenyewe kwa kunyatia. Lakini vumbi la pamba lilikuwa limemwingia kifuani, na kulala humo humo kulimmaliza. Alikohoa mpaka akawa anashona amesimama, maana akiketi pumzi inakata. Nilimsihi aende hospitali. Akanijibu kwamba hospitali wataandika jina la mke na mahali anapoishi, na sisi wa ofisini tuna macho kila mahali. Alisema kwa upole, kama mtu ambaye amesahau kwamba mimi ni mmoja wa hao wenye macho.

Mwaka huu mkuu wetu alitangaza msako wa wadanganyifu. Wanawake kadhaa walifutwa, na mmoja alipelekwa mahakamani kwa sababu mume aliyesema hayupo alikutwa anakata kuni uani. Katikati ya msako huo ndipo Fundi Pamba alipoanguka kibandani. Wapita njia walimbeba, akafia hospitalini bila ya mtu wake kando ya kitanda. Wakamwingiza mochwari kama mtu asiye na ndugu.

Mama Pacha alinijia nyumbani asubuhi yake, mtoto mgongoni. Hakulia. Aliniomba nimweleze sheria inasemaje, kana kwamba amekuja dirishani. Nilimweleza ukweli. Mjane anasaidiwa, tena bila maswali mengi. Lakini ili awe mjane lazima kwanza awe na mume, na akienda kuuchukua mwili ataulizwa marehemu alikuwa akiishi wapi, na alileta taarifa lini kwamba amepatikana. Kibanda kiko mitaa miwili. Watamfuta, watamdai vyote alivyopokea, na huyo mtoto wa mpita njia atakuwa ushahidi. Akauliza asipokwenda itakuwaje. Nikamwambia maiti wasio na wenyewe wanazikwa na manispaa, wengi shimo moja, bila majina.

Kisha akamtoa mtoto mgongoni, akampakata, akasema, "Basi na walale pamoja. Hakupenda upweke."

Akaondoka. Nami, mama, sikuweza kuketi wala kusimama.

Fundi Pamba hakuzikwa shimoni. Alizikwa juzi, mahali pake mwenyewe, na watu wa mtaa wakaja, maana alikuwa ameshona magodoro ya wengi. Mama Pacha alikuja kama jirani, akasimama nyuma kabisa na wanawake wa mashine ya kusaga. Udongo ulipoanza kuanguka, pacha mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mama yake akamziba uso kwenye kanga, akawaambia waliogeuka kwamba huyu mtoto anaogopa makaburi. Watu wakaamini, au wakajifanya kuamini. Wakapanga mstari kutoa pole kwa mfiwa, naye ikambidi aingie kwenye mstari kama wengine. Zamu yake ilipofika alinishika mkono.

"Pole, dada," aliniambia, "kwa kufiwa na kaka yako."

Ndiyo, mama. Mfiwa nilikuwa mimi.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Mochwari hawamtoi maiti ila kwa ndugu wa damu, na ndugu lazima aonyeshe kitambulisho. Nilikwenda nikasema mimi ni dada yake. Msimamizi akakitazama kitambulisho changu, akauliza kama ni baba mmoja. Kitambulisho kina jina la baba. Ningesema hapana, ningerudishwa. Lisilobudi hutendwa. Nikasema ndiyo, baba mmoja, mama mbalimbali. Akaliandika jina la marehemu baba yetu kuwa ndiye baba wa Fundi Pamba, nami nikatia sahihi.

Nimempa baba mtoto wa nje, mama. Baba ambaye hakuwahi kulala nje ya nyumba yako ila siku alizolazwa. Baba ambaye ulimwuguza mpaka vidole vyako vikanuka dawa. Amelala kwake hana habari, na mimi binti yake nimemchafulia jina ili mtu baki azikwe vizuri. Nilipotoka pale sikuona fahari yoyote. Niliona kama nimemwibia mfu mmoja nikampa mwingine.

Wala Mama Pacha hakunishukuru, na simlaumu. Jana nilimkuta kisimani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amenionea wivu, mimi niliyeruhusiwa kulia. Msaada wake unaendelea. Wiki ijayo ni zamu ya kumkagua, na lile swali la mume bado lipo, na jibu lake litabaki lilelile, kwa mwandiko wangu.

Nimekueleza kwa sababu habari za vifo hupelekwa mahali anapotoka baba wa marehemu. Huenda karani wa kwetu akaja kukuuliza kama mzee alikuwa na mtoto mwingine huku mjini. Sikuombi useme uongo. Ukikana, nitafukuzwa na huenda nikashtakiwa, na Mama Pacha ataanguka pamoja nami. Ukikubali, shangazi ataitembeza habari mtaa mzima kabla chai yako haijapoa, nawe utabeba aibu isiyo yako mpaka mwisho. Njia zote mbili nimekujazia miiba, na wewe ndiye mwenye miguu mibovu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyo hivyo, ila uandike kwa mkono wako.

Mbusu mdogo wangu, mwambie viatu vyake vya shule nimevipata. Shangazi msalimie kama kawaida, asishtuke. Wewe pumzika, usibebe ndoo, na dawa usizigawe nusu nusu ili zidumu, nitaleta nyingine.

Kaburi liko upande wa ukuta, mahali pasipotuama maji. Siku ukija nitakupeleka. Niliwaomba waandike jina la baba kwenye kibao kwa herufi kubwa, na wameliandika vizuri.

Ni mimi,
kifungua mimba wako