Homa ya Soko

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita kando ya barabara nikisubiri injini ipoe. Tena. Kutoka Nyansiongo hadi Keroka gari limekwenda vizuri, upepo unalipiga, mshale wa joto katikati. Kufika sokoni, ng'ombe mbele, lori la chai nyuma, mwendo wa konokono. Mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu na mvuke ukafoka. Wanawake wa ndizi wamecheka. Sijapenda.

Ajabu ni kwamba rejeta haivuji tena. Julai ilikuwa ikidondosha maji kama pua ya mtoto. Nililiacha gari siku mbili kwa wakwe zangu Kiogoro, kurudi nikakuta tundu limeziba lenyewe. Hata kanisani nilitoa ushuhuda.

Alhamisi, 6 Septemba

Mke wangu Moraa ameingia mwezi wa tisa wa mimba. Daktari amerudia: safari hii azalie hospitali, Kisii. Kana kwamba Moraa na mimi tunahitaji kukumbushwa. Mwaka juzi tulimbeba kwa machela kwenye mvua, na mtoto akafia njiani. Ndiyo sababu nilinunua gari. Gari lisiloweza kupita sokoni!

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 8 Septemba

Sabato. Gari limesimama uani na mikono inaniwasha. Nimeimba bila kusikia ninachoimba.

Jumanne, 11 Septemba

Kwa fundi Odhiambo, mtu wa ziwani, mwenye gereji karibu na soko la Kisii. Kasikiliza, kacheka. "Mwalimu, hii gari yako iko na homa ya soko." Amebadilisha mkanda wa feni, ametoa themostati, amesukuma maji kwa mpira ndani ya rejeta. Yametoka ya kahawia. Kutu, amesema. Kisha akauliza, "Kwani uliweka nini ndani?" Maji matupu, nikaapa. Akauliza mara ya pili. Nikamfokea mbele ya watu. Mimi na hasira zangu.

Ijumaa, 14 Septemba

Tumejaribu. Dakika kumi za foleni, mvuke. Odhiambo sasa anashuku gasketi ya kichwa cha injini. Anataka kuifungua Jumatatu, nikae wiki mbili bila gari. Moraa hana wiki mbili. Sikutaka kumwambia. Ameniangalia usoni akajua, nikamweleza yote.

Jumapili, 16 Septemba

Siku ya kuandikwa yote.

Tumekwenda Kiogoro ili Moraa amwone mama yake. Nimekaa sebuleni na baba mkwe, kama inavyopasa. Mama mkwe na mimi tuna chinsoni: hatutazamani usoni, hatuongei ana kwa ana. Miaka sita ya ndoa, namjua zaidi kwa kikohozi chake.

Jikoni Moraa akamweleza mama yake habari za injini kufunguliwa. Halafu mama mkwe akatoka uani, akasimama nje ya dirisha langu, mgongo kwangu, akaanza kusema na kuku. Kwa sauti.

"Wewe kuku, uliniona. Ile gari ilikuwa inalia maji. Madereva wa malori wanaziba kwa unga hapa barabarani, nimewaona. Nikatia wa wimbi, kibuyu kizima. Nilitaka kumsaidia. Sasa nitamwambia nani, kuku? Mkwe wangu? Na mtoto wangu akizalia njiani tena, nitamwambia nani?"

Sauti ikakatika. Kuku akaenda zake.

Wimbi! Kumbe nimekuwa nikipika uji barabara nzima. Nilitaka kucheka, nikaona mabega yake yanatetemeka. Miezi miwili amebeba neno hili peke yake, na mimi nikimshukuru Mungu kanisani kwa kazi ya mkono wake. Nikatazama ukutani, nikasema kwa sauti na mimi, "Kuku, mwambie mama tundu liliziba kweli. Na mwambie kwamba Moraa hatazalia njiani."

Kikohozi. Akarudi jikoni.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimeanza kwa kumwomba Odhiambo msamaha. Nilipotaja wimbi ameketi chini kwa kicheko. Hakugusa kichwa cha injini. Ameshusha rejeta, akaiyeyusha lehemu ya juu ili kuifungua, akailoweka kwa maji ya moto na magadi.

Jumanne, 18 Septemba

Amechokonoa mirija mmoja mmoja kwa waya mwembamba. Magamba ya uji mkavu, karibu nusu ya mirija. Kwenye mwendo wa kasi upepo ulitosha kuficha ubaya. Kwenye foleni, la. Tundu la zamani kaliziba kwa lehemu, kama wafanyavyo watu.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimezunguka soko la Kisii mara tatu kwa makusudi, nyuma ya mikokoteni. Mshale katikati. Wenye mikokoteni wamenidhani mwendawazimu.

Jumanne, 25 Septemba

Uchungu umeanza saa tatu asubuhi. Barabara nzuri mpaka Kisii. Pale sokoni lori limekwama kwenye tope, hakuna mbele, hakuna nyuma. Karibu saa nzima. Jasho lilikuwa langu, si la gari. Moraa kanishika mkono wa shati: "Baba, wacha kuangalia hiyo mshale. Angalia barabara." Mshale haukusogea.

Msichana. Saa nane na robo. Analia kwa nguvu.

Jumapili, 30 Septemba

Wako nyumbani. Mvua ndogo alasiri. Baba mkwe amefika na kikapu kutoka kwa mkewe, kimefunikwa jani la mgomba. Ndani, unga wa wimbi. Ametumwa na neno moja, kalisema huku akitazama pembeni: "Mama anasema huu ni wa kikombe."

Nimewasha moto mwenyewe, nikakoroga. Moraa amekunywa vikombe viwili.