Picha za Kijapani Zitabaki Rubondo

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, jua halikuonekana.

Papa mpendwa,

Siku ya mawingu ndiyo siku yetu ya kufungua sanduku. Ulinifundisha mwenyewe kwamba jua hula rangi, na bluu ndiyo hulipendeza zaidi. Kwa hiyo leo nimetandika kitenge kitandani, nikapanga picha zako za kale za Kijapani, zile zilizochongwa ubaoni na kupigwa chapa kwa mkono. Tangu tukuzike haijapotea hata moja.

Unakumbuka ile ya daraja na mvua? Uliikuta Mbarara kwa muuza samani kuukuu, ameitumia kuziba mgongo wa kioo. Uliigeuza kwanza, kama ulivyozigeuza zote, ukanionyesha rangi ilivyopenya hadi nyuma. "Ya mashini haipenye hivi, mama," ukaniambia. Tulirudi kambini Nakivale nimeipakata kama mtoto mchanga, nawe umesahau chumvi uliyotumwa.

Na ile ya mwanamke mwenye mwavuli! Shangazi aliibandika ukutani kwa uji wa muhogo, pamoja na magazeti, ili nyumba ipendeze. Hukumfokea. Ulilowesha udongo wa ukuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka karatasi ikaachia nzima. "Karatasi hii ni ganda ya muti," ulicheka. "Imevumilia mingi kuliko siye."

Leo mjomba amemleta mwenye hoteli kutoka Mbarara. Anazitaka zote kwa ukumbi wake, mkabala na madirisha, na kwa malipo ataniezekea nyumba nzima. Fremu ameshanunua. Pembeni zikizidi, akasema, atakata.

"Hakuna kukata," nikamwambia. "Na haziuzwe."

Mjomba akaruka. "We binti! Hizi makaratasi zitakufunika mvua? Mukimbizi na mambo ya Wajapani, wapi na wapi?"

"Mjomba, mukimbizi anakatazwa kupenda kitu yenye haiwezi kuliwa?"

Yule bwana akajaribu kwa upole, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Lakini nyabo, mabati iko kwa gari tayari."

"Basi irudi na gari."

Mjomba ameondoka bila kunywa chai, ameapa hatagusa paa langu tena. Linavuja, najua. Mvua imeanza jioni, nami nimesogeza godoro langu ili sanduku likae kona kavu. Papa, kituoni Kabazana, tulipopokelewa, walituandika, wakatupimia kiwanja hapa Rubondo, wakatupa sufuria na jembe. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini picha hizi hatukugawiwa na mtu. Ulizichagua wewe, moja moja, kwa sababu zilikufurahisha. Wakisema hilo si jambo la watu kama sisi, nitawauliza ni nani aliyetupimia na furaha.

Alhamisi naenda Mbarara. Nimesikia kuna mwalimu mstaafu anayo moja ya theluji, na sisi ya theluji hatuna.

Pumzika, Papa. Beseni la pili limejaa, nimelimwaga. Saa nne kasoro robo, nalala.

Binti yako