Nimemponda Mchoraji wa Kachero Matege

Danford, nimemtukana mchumba wa binti yangu Priska mbele ya mshenga.

Unamkumbuka Kachero Matege wa katuni zetu za utotoni? Kimetoka kitabu kipya, kilikuwa kwenye zawadi za posa walizoleta. Nakifungua, Matege anagema ulanzi, pombe ya mianzi, mwezi wa saba! Kiangazi! Nikasema, "Mchoraji huyu mjinga, mianzi imekauka, haitoi hata tone."

Mshenga akasema, "Mzee, mchoraji ndiye huyu bwana."

Ndiye huyu! Kijana wa Dar, anatetemeka kwa baridi ya Njombe. Binti yangu akakimbilia jikoni analia.

Wazee wakanitoza faini. Mimi, baba wa binti! Usicheke.

Kijana akasema, "Baba, nifundishe kugema." Posa imepita.

Faini nimelipa: majogoo wawili, gunia la viazi, na koti langu la baridi nililonunua Makambako, la kijana huyo.