Bega la Elifasi

Jumanne, hospitali ya misheni

Mguu umesafishwa, usaha umetoka. Dokta anasema hautakatwa, mradi homa ishuke. Naogopa, sitajidanganya. Jembe langu mwenyewe, jeraha dogo tu, na tazama sasa.

Lakini kinachonikera si mguu. Ni Elifasi.

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alituahidi barabara tangu vita vilipokwisha, na mpaka leo barabara ya kwetu Vudee ni mabega ya watu. Jana wanaume wanne walinibeba kwa machela hadi huku, na mmoja wao alikuwa Elifasi, jirani aliyeniibia zamu yangu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kiangazi chote. Mahindi yangu yalikauka huku yake yakichanua. Nani alimwita?

Njia nzima nilimkodolea macho. Penye mawe nilitamani ateleze walau mara moja, nipate la kumlaumu. Hakuteleza. Wenzake walipokezana na watu wa njiani, yeye alikataa kupokewa.

"Tulia, Mwalimu," aliniambia kwenye mteremko. "Usijitikise, utajiumiza."

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kanisani habari za yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne hadi kwa Yesu. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama aliwapenda wote.

Jioni hii muuguzi alipofunga kidonda aliniuliza, "Nani walikuleta, Mwalimu?"

"Ndugu zangu," nikasema.

"Wangapi?"

Nikawahesabu moyoni, Elifasi nikamwacha wa mwisho, Mungu anisamehe.

"Wanne."