Kitenge cha Watu Watatu

Mama Furaha mpendwa,

Unakumbuka ule mche wa sabuni kule kambi ya wakimbizi, uliopaswa kutosha nyumba tatu? Wewe umeshika kisu, majirani wanakitazama, nami nikaanza habari za yule mwanahisabati wa Poland. Wakati wa vita alijificha kijijini kwa jina la mtu aliyekufa, hana vitabu, anafundisha watoto kwa siri. Vita vilipokwisha, mji wake ulikuwa wa nchi nyingine. Huko mafichoni ndiko alikofikiria namna ya kuwagawia watu watatu keki bila manung'uniko.

"Kumbe mwenzetu alikuwa na keki," ukasema. Majirani wakacheka.

"Hakuwa nayo," nikajibu. "Ndiyo maana aliifikiria."

Jumamosi tuliondoa matanga yako, hapa ugenini Eagan. Kikabaki kitenge chako cha harusi na mabinti watatu wanaokitaka. Furaha, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini mji wa jirani, Shakopee, alikuwa hasemi na Neema tangu mazishi. Niliogopa nguo hiyo ingewatenganisha kabisa. Basi nikatoa mkasi, nikawaeleza kanuni ya Mpolandi: wa kwanza hukata anachokiona ni theluthi, wenzake, wakikiona kikubwa, hukipunguza, aliyekata mwisho hukichukua.

Furaha akakata. Neema akapunguza kidogo. Rehema, kitinda mimba wako, akapunguza mpaka kikawa kama leso ya mkononi, akakichukua. Kilichobaki Neema akakigawa vipande viwili, Furaha akachagua.

"Umekata vizuri," Furaha akamwambia dada yake.

"Nilijua utanikagua," Neema akajibu, na wote wawili wakatabasamu. Nilifurahi kama mwalimu anavyofurahi jibu likitoka.

Kisha Rehema akauliza, "Papa, na chako? Where's yours?"

Sikuwa nimejihesabu. Nimefundisha hesabu nusu ya maisha yangu, Mama Furaha, na nilikuwa nakitaka kitenge kile kuliko wao wote.

Rehema akaitandika leso yake mezani. "Kwa wawili ni rahisi. Wewe kata, mimi nachagua."

Nikakata, mkasi ukaenda upande, kipande kimoja kikawa kikubwa. Kanuni inasema anayechagua huchukua kikubwa. Rehema akachukua kile kidogo.

Nimesoma mengi ya yule Mpolandi, wala sikumbuki aliandika popote kuhusu mtu wa namna hiyo. Huyo umemlea wewe.

Pumzika. Nami nimebaki na kikubwa,

Baba Furaha