Kwa Baba Yetu Volkmar, Maiti wa Sinema

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa umeketi kwenye kiti chako cha kijani, Jumapili, saa ya kahawa, televisheni ikiendelea kuzungumza yenyewe. Watu wanatuuliza tunaendeleaje, nasi tunajibu hatujambo. Tumekufa ganzi, ndivyo tulivyo, na aliyekufa ganzi kuliko sisi sote ni Mama.

Tuanze na wema wako, maana ulikuwa nao wa kutosha. Ulikuwa fundi bomba hapa Hamburg maisha yako yote ya kazi. Bi Stüve wa ghorofa ya chini anaapa kwamba bomba lake la jikoni halijavuja tena tangu ulipolishika, na malipo yako yalikuwa kipande cha keki ya plamu, tena kile cha pembeni kilichoungua kidogo. Ulivaa soksi za sufu hata Julai. Ulikuwa mbishi pia, tusifichane. Ulibishana na redio, na mara nyingine ulishinda.

Lakini wengi walikufahamu ukiwa maiti.

Hadithi yenyewe umemsimulia kila aliyewahi kuketi mezani kwako. Ulikuwa kijana, umeitwa studio ya sinema kule Wandsbek kuziba bomba, na siku hiyo mtu aliyekodiwa kulala kama maiti alikuwa na mafua, anapiga chafya kila wakitaka kuanza. Mwongozaji akakuona umelala chali chini ya sinki. Akakuuliza kama unaweza kulala bila kutikisika. Ukamwambia, "Muulize bosi wangu, ananifokea kwa hilo kila siku."

Mama ndiye aliyekupaka damu. Alikuwa msichana wa kuwapaka waigizaji rangi, na damu ya sinema zile haikuhitaji kuwa nyekundu kwa kuwa picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ilihitaji tu kuwa nzito. Alitumia shira nyeusi ya viazisukari, hii hii tunayopaka mkate asubuhi. Akakumwagia kwenye paji la uso, ikateremka hadi kwenye mdomo, nawe maiti ukatoa ulimi ukailamba. Akakuchapa na brashi ya poda, akakuuliza, "Maiti gani wewe mwenye njaa?" Mwaka uliofuata mkaoana.

Basi ukawa unakufa kila walipokuita. Ulipigwa risasi ngazini, ulinyongwa kwa kamba ya pazia kasrini, uliopolewa kwenye mto wa London usiku wa ukungu. London hukuwahi kuikanyaga hata siku moja. Ukungu ulikuwa moshi wa mashine, na mto ulikuwa mfereji wa nyuma ya maghala ya bandarini. Jina lako halikuandikwa popote, na ulisema maiti mwenye adabu haombi kutajwa.

Mwanao Jörn alipokuwa kijana alikucheka sana. Kivuli ukutani, mlango unaolia, inspekta mwenye kofia, msichana anayerithi jumba, mtumishi anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kila siku yale yale. Alikuuliza unapendea nini. Ulimjibu kwa upole ambao hatukuuzoea. Ulisema ulikulia kwenye mtaa ambao nusu yake ilikuwa kifusi, na wanaume wote wa mtaa walikuwa wamerudi kutoka vitani, na ukiuliza nani alifanya nini huko, hakuna aliyekuwa amefanya lolote. Wote walikuwa wapishi wa jeshi. Baba yako naye alikuwa mpishi wa jeshi, na hakujua kukaanga yai.

"Humu ndani," ukasema ukionyesha televisheni, "muuaji anavuliwa barakoa kabla sijamaliza kahawa."

Tena ukamwambia rangi ina kiherehere, inaonyesha kila kitu hata usichoulizia. Kwenye nyeusi na nyeupe, giza linakuachia kazi ya kufanya mwenyewe. Unaogopa kidogo, vizuri, ukiwa na keki mkononi, halafu taa inawashwa na mwovu anajulikana. Jörn hakucheka tena. Alisogeza kiti chake akakaa nawe, na kuanzia hapo Jumapili zetu zote zilikuwa za namna hiyo.

Sasa lile neno. Kwenye studio za kwetu, kipande cha picha kikipatikana sawasawa, mwongozaji hupaza sauti: "Kafa!" Si maiti anayesemwa. Anasema kipande ndicho kimekufa, yaani kimekwisha, hakuna kurudia. Maiti akilisikia huinuka, hujipangusa vumbi, huomba sigara. Wewe ukalileta nyumbani. Kila sinema ilipokaribia mwisho ulilegeza shingo, mkono ukaning'inia nje ya kiti, macho yakakutoka, na hukuinuka mpaka Mama aseme neno. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba mtu akiambiwa kafa, anaamka. Wageni walituona wehu, na hawakukosea sana.

Jumapili ile Mama alitoka jikoni na sahani za keki, akakukuta hivyo hivyo. Akasema, "Kafa!" Hukuinuka. Akaweka sahani mezani, akasema tena, "Kafa, mzee. Inuka, kahawa inapoa." Akaona unamfanyia makusudi. Akakukatia keki yako, akala yake, akakuambia mzaha umechacha. Jörn alipofika jioni kutundika pazia alimkuta amekununia, amekupa mgongo, anafuma. Jörn ndiye aliyekushika mkono. Daktari aliyekuja na gari la wagonjwa, kijana mwenye heshima zake, alimwinamia Mama akamwambia taratibu, "Amekufa, mama." Mama akageuka haraka kukutazama.

Amekutazama hivyo mwaka mzima. Kanisani hakulia. Makaburini alisimama wima, mkoba mkononi, na watu walipomshika mkono alisema asante, asante, macho yakiwa kwenye sanduku. Anakula tukimwekea chakula na analala tukizima taa. Tulitaka kumweleza wazi, lakini kwa neno gani? Kila tulipotamka kwamba umekufa, macho yake yalikwenda kwenye kiti cha kijani. Binti yako Gesche alijaribu kusema umetuacha. Mama akauliza umekwenda wapi na viatu vyako vipo mlangoni.

Na kaburi lako, Baba, utuwie radhi, lilibaki na ule msalaba wa mbao wa muda, unaowekwa hadi udongo utulie. Udongo ulikwisha kutulia. Mchonga mawe alipiga simu, akapiga tena, anataka kujua jiwe gani na maneno gani. Mama akawa anasema asubiri, haraka ya kumwekea mtu jiwe kifuani inatoka wapi. Hatukuweza kumlazimisha. Tulichoogopa, na tulikisema sisi kwa sisi tukiwa jikoni, ni kwamba yeye naye atafika siku yake akiwa bado anangoja uinuke, na hatakuwa amepata hata saa moja ya kukulilia.

Alhamisi iliyopita ukumbi wa utamaduni wa mtaani ulionyesha mojawapo ya sinema zako, ile ya kasri na wapwa wenye uchu wa urithi. Hatukutaka aende. Alivaa koti lake la kijivu akasimama mlangoni, akasema yeye amefanya kazi kwenye sinema hiyo na haombi ruhusa kwa mtu. Basi Gesche akampeleka.

Ulitokea mapema. Ulikuwa umelala chini ya ngazi, kijana, mwembamba, nywele zimelowa. Mama aliinama mbele akaikagua kazi yake, akamnong'oneza Gesche kwamba damu ya upande wa kushoto ilizidi. Kisha akakaa sawa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema.

Miaka yote tumezitazama sinema hizi, Baba, na hatukuwahi kulifikiria jambo dogo namna hii. Studioni neno alilisema mwongozaji. Nyumbani alilisema Mama. Ndani ya sinema yenyewe halimo, kwa sababu hapo ndipo mkasi unapopita. Picha ilikutazama kidogo, ikahamia kwa inspekta anayewasha sigara, na mambo ya urithi yakaendelea. Mama alingoja irudi kwako. Haikurudi. Muuaji alishikwa, watu wakapiga makofi, taa zikawaka, na Mama alikuwa bado kitini.

"Hakuna aliyesema," alimwambia Gesche.

"Nani hakusema, Mama?"

"Wamemwacha pale chini na mambo yao yakaendelea." Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. "Basi amekufa, Gesche. Mume wangu amekufa kweli."

Alilia ndani ya basi. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, mpaka dereva akasimamisha gari akaja nyuma kuuliza kama kuna mgonjwa. Gesche akamwambia hapana, tumefiwa. Dereva akauliza lini, na Gesche akajikuta anajibu leo. Ijumaa asubuhi Mama alimpigia simu mchonga mawe yeye mwenyewe, na tulimsikia akibishana naye juu ya ukubwa wa herufi.

Sisi wengine ganzi bado haijatutoka. Huenda tulikuwa tumejisahau kwa kumtazama yeye, na zamu yetu inakuja. Jumapili bado tunakaa sebuleni, tunaangalia ukungu wa uongo na wauaji wa uongo. Jörn anatutangulia kumtaja muuaji na anakosea kila mara. Tunacheka kidogo, halafu tunakusanya vikombe.

Pumzika, Baba. Kazi yako ilikuwa nzuri, na wewe ulikuwa mzuri zaidi.

Hutatoka mioyoni mwetu sisi wanao, Gesche na Jörn, mkweo Antje, mjukuu wako Levke, uliyemfundisha kufa vibaya juu ya zulia, ndugu yako Harm wa Cuxhaven, na Bi Stüve wa chini, aliyeomba awemo. Mama tulimwandika "mkeo mpendwa", kama watu wanavyoandikwa. Alivaa miwani akasoma, akaomba kalamu, akakata, akaandika lake kwa mkono wake, nasi tunaliacha kama lilivyo:

Hiltrud, mjane wako.